Kuta za Eastlands Zafumba, Nani Atafumbua?

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mwezi wa Septemba 2024, nami nimefikia kwa shemeji yangu huko Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Tulikuwa tumetoka msikitini, twateremka polepole kuelekea upande wa Shauri Moyo, yeye anisimulia habari za bei ya unga, mimi naitika tu huku nikitazama mitaa. Mara nikaona ukuta wa duka umepakwa rangi nyeupe, na juu yake yameandikwa maneno kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kama mtoto wa miaka sita: UTU KWA WOTE. Baina ya neno la kwanza na la pili pameachwa pengo refu.

Nikasimama. Nikasema, "Mashallah! Kumbe vijana wa Nairobi nao bado wanakumbuka mawaidha."

Shemeji akacheka mpaka akashika kofia yake isianguke. "Shemeji," akasema, "si wewe ndiye mshairi wa gazetini? Hebu sogea karibu uusome vyema."

Nikasogea. Ndipo nilipoona kwamba lile pengo halikuwa tupu. Mlikuwa na herufi tano zilizochorwa kwa rangi hafifu mno, kana kwamba zimeoshwa na mvua za miaka mingi: M, I, S, H, I. Neno halikuwa "utu". Neno lilikuwa "utumishi". Na kila aliyeishi Kenya ayajua maneno hayo matatu kwa jumla yake, kwani ndiyo wito wa Polisi wa Kenya: Utumishi kwa Wote.

Naam, ndugu msomaji, nilitahayari. Nimekula chumvi ya mashairi tangu ujanani, nimehukumu mashindano ya mafumbo na kuwakosoa watoto wa watu kwa vina na mizani. Na hapa mtoto wa Majengo, ambaye huenda hajui tathlitha wala takhmisa, amenifumba mchana kweupe kwa kufuta herufi tano tu. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atafumbua. Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nikanuia kuyatafuta maandishi haya, niyajue asili yake na kazi yake, na yale niliyoyapata ndiyo ninayokuleteeni leo.

MITAA ILIYOZALIWA NA MANENO

Kwanza yafaa tujue ni wapi tunapozungumzia. Eastlands ni upande wa mashariki wa Nairobi: Pumwani, Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Maringo, Bahati, Jericho, Buruburu, hata kufika Umoja, Kayole na Dandora. Wakati wa ukoloni huko ndiko alikowekwa Mwafrika, mbali na majumba ya Wazungu ya magharibi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika, na wengi waliojenga na kupangisha humo walikuwa Waislamu, watu waliosema Kiswahili, wakavaa kanzu na kujenga misikiti. Kwa hiyo sisi wa pwani tusijifanye wageni kabisa wa mitaa hiyo.

Tazama majina yake. Kabla ya Pumwani kulikuwako kijiji cha Pangani, nacho kilikuwa na Waislamu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya mkoloni ilikivunja, na wenye nyumba wakaelekezwa kwenye nyumba mpya zilizojengwa na serikali, katika mtaa ambao leo tunauita Shauri Moyo. Yatafakari maneno hayo mawili. Mtu anavunjiwa nyumba yake, anaonyeshwa nyingine, na jina la mahali lasema: haya, shauri la moyo wako. Sauti ya jina hilo ina kicheko na uchungu pamoja. Mji uliozoea kuita mtaa jina kama hilo usishangaze unapoandika mafumbo ukutani.

Na si hilo pekee. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ambaye ukoo wake ni wa Frere Town, kwetu Mombasa. Nao uwanja wa Kamukunji, ulio papo hapo karibu, umetupa neno zima: siku hizi mkutano wowote wa hadhara Kenya huitwa kamukunji. Ni katika uwanja huo watu walipoitwa tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, wakati Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini, na siku yenyewe ikabaki na jina la tarakimu zake: Saba Saba. Basi huko maneno hayakai kitako. Hugeuka, huvaa nguo nyingine, yakatoka tena barabarani.

SISI NA MAFUMBO YETU

Wako miongoni mwetu watakaosema: maandishi ya ukutani ni uhuni, na lugha yake ni Sheng, na Sheng ni uharibifu wa Kiswahili. Nami nilisema hivyo miaka mingi. Lakini tujiulize, mafumbo yetu sisi yalifanya kazi gani?

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakuwa mtu wa kutunga mapenzi peke yake. Alitunga juu ya vita vya Mazrui na Seyyid Said, akawapiga vijembe watu wa Lamu na wa Pate, akawaonya hata wa mji wake mwenyewe. Mashairi hayo hayakukaa kabatini. Yalikaa midomoni mwa watu, na kwa sababu yalikaa midomoni ndiyo yakadumu mpaka Mwalimu Sikujua akaweza kuyakusanya na kumwandikia Mzungu Taylor.

Kisha tazama kanga. Kaderdina Hajee Essak, mwenye duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887 na ambaye nguo zake zajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno ya Kiswahili kwenye pindo. Tangu hapo mwanamke wa pwani amepata ukuta wake wa kutembea nao. Amtakaye kumjibu jirani hamjibu. Huvaa, akapita mbele ya mlango.

Na Lamu, katika uchaguzi wa katikati ya miaka ya 1970, washairi walipigana kwa tungo zilizoitwa Kimondo, zikasikizwa kutoka kaseti nyumba hadi nyumba. Jina lenyewe ni fumbo kwa aliyekwenda chuoni: kimondo ndicho kile kinachorushwa mbinguni kumfukuza shetani anayedukiza. Aliyelengwa hakutajwa kuwa shetani. Mrushaji alijiita kimondo tu, na hesabu iliyosalia ikafanywa na msikilizaji.

Hata kifungo tumekijua. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka aliouandika mwaka 1968, na jina la waraka ule lilikuwa swali tu: Kenya: Twendapi? Kutoka gerezani akatuletea diwani ya Sauti ya Dhiki.

Sasa, ndugu msomaji, nakuomba ulizingatie jambo moja. Mtaalamu aliyetuhifadhia Muyaka katika kitabu kilichotoka mwaka 1979 ni Profesa Mohamed Abdulaziz. Na ni yeye huyo huyo, pamoja na mwenziwe Ken Osinde, aliyeandika mwaka 1997 juu ya Sheng, akaichunguza kwa makini ya mwanachuoni. Hakuona aibu kutoka kwa Muyaka akaenda kwa vijana wa Eastlands. Ikiwa yeye hakuona aibu, sisi tunaoishia kulalamika barazani twaionea wapi?

KUTOKA MATATU HADI UKUTANI

Ubao wa kwanza wa vijana wa Eastlands haukuwa ukuta, ulikuwa matatu. Magari ya Buruburu, Umoja na Dandora yalichorwa tangu zamani picha za waimbaji, wachezaji na mashujaa, na maneno ya kejeli juu yake. Mwaka 2004 Waziri John Michuki alileta kanuni zake zilizoyalazimisha matatu kuvaa mstari wa manjano, na michoro ikafifia kwa muda wa miaka kumi na zaidi kabla ya kuruhusiwa tena. Lakini mkono uliozoea kuandika hauachi. Ukinyimwa bati utatafuta tofali.

Wakati huo huo Dandora ilikuwa imezaa waimbaji wake. Kundi la Ukoo Flani lilianzia Mombasa, likaungana na vijana wa Dandora, likaitwa Ukoo Flani Mau Mau. Wenyewe walieleza kwamba kila herufi ya jina hilo inasimama badala ya neno zima, na yakiunganishwa yanakuwa wito wa upendo na wa mafunzo ya Muumba. Aliyesoma Dura Mandhuma, iliyotungwa kwa kufuata herufi tangu alifu, ataitambua mara moja mbinu hii. Ni mali ya zamani iliyokwenda bara ikavaa jinzi.

Kisha zikaja siku mbaya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuana, na zaidi ya elfu moja walikufa. Kibera, ingawa si Eastlands bali ni upande wa pili wa mji, ilikuwa na mchoraji ajulikanaye kwa jina la Solo 7, ambaye alizunguka akiandika kwenye mabati, milango na kuta kwamba amani inatafutwa ikiwa hai. Maneno aliyaandika kwa Kiingereza: "Peace wanted alive". Tangazo la mhalifu husema anatafutwa, akiwa hai au maiti. Huyu akaligeuza, akaifanya amani ndiye mtoro wa kusakwa, na akaondoa habari ya maiti kwa kuwa maiti walikuwa wamekwisha kutosha. Maneno matatu tu, na kila mtu akaelewa.

Mwanzo wa mwaka 2012 mambo yalihamia katikati ya jiji, karibu na soko kuu. Boniface Mwangi, mpiga picha aliyezipiga picha za mauaji yale, aliungana na wachoraji wa mitaani, wakachora usiku picha kubwa ya mwanasiasa mwenye kichwa cha ndege alaye mizoga, amekaa kitini kwa raha zake. Wakawaita "Ma-vulture". Angalia kazi ya silabi moja. Ndege huyo sisi twamwita tumbusi. Wao wamechukua jina lake la Kiingereza wakalibandika "ma" ya Kiswahili, nayo "ma" katika ngeli zetu haikuleta wingi peke yake, bali pia ukubwa na uchukizo, kama vile "majitu" ilivyo mbali na "watu". Mwezi wa Juni mwaka huo huo wakapeleka majeneza meusi 49 mbele ya Bunge, jeneza moja kwa kila mwaka tangu 1963. Hapo tarakimu nayo ikawa fumbo.

Mwaka uliofuata, Mei 2013, wabunge walipodai nyongeza ya mshahara, waandamanaji walipeleka nguruwe wa kweli mlangoni mwa Bunge, wakamwaga na damu, na neno likatungwa la kuunganisha cheo cha mbunge kwa Kiingereza na jina la mnyama huyo: "MPigs". Nitalirudia neno hili, kwani lina mashaka kwangu.

Kisha ikaja 2023 na 2024. Kodi zilipozidi, Rais William Ruto akaitwa Zakayo, kwa jina la mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mti. Vijana wakashika wimbo mmoja: Zakayo ashuke. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini katika maandamano ya majuma yale makumi ya watu walikuwa wameuawa. Baadaye likaja jina la Kasongo, lililotoka katika wimbo wa zamani wa Orchestra Super Mazembe, na mwaka 2025 likaja "wantam", yaani muhula mmoja, Kiingereza kilichomezwa kizima kikatemwa kikiwa Kiswahili. Wafuasi wa serikali nao wakajibu: "tutam". Je, hayo si malumbano? Si ndiyo kujibizana kulekule kwa Muyaka, huyu akifunga na yule akifungua? Tofauti ni kwamba beti zimepunguzwa zikawa neno moja, lenye kuenea kwenye fulana, bango au ukuta kabla mlinzi hajazunguka.

NILIYOAMBIWA NA MCHORAJI

Shemeji alinipeleka kwa kijana aliyeandika ule ukuta. Nilimkuta amekaa juu ya tofali, umri wake ishirini na kitu, kucha zake zimejaa rangi ya buluu. Alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo, Ustadh," nikamwitikia, tukakaa.

Nilimwuliza habari za kazi. Akanieleza kwamba makopo ya kupuliza ni ghali, kwa hiyo ukuta hupakwa kwanza kwa roli na rangi ya maji, ile ya nyumba, na kopo huwekwa kwa ajili ya kukaza mistari. Mwenye duka huombwa ruhusa, na mara nyingi hukubali kwa sharti kwamba jina la duka lake liandikwe pembeni bure. Kuna mchoro wa saa mbili na wa siku tatu. Wenye maneno makali ni wa saa mbili.

"Hii ukuta ni gazeti yetu, Ustadh," akasema. Nikameza mate, nikaziacha ngeli zake zipite, maana nilikuja kusikiliza.

Nikamwuliza, "Kwa nini mwanangu usiandike waziwazi unalolitaka? Kwa nini ukafuta herufi?"

Akanitazama kama anitazamavyo mwanafunzi aliyeulizwa jambo rahisi mno. "Ukiandika matusi, karao anaifuta na anakushika. Lakini hii ni maneno yao wenyewe. Akitaka kunishika lazima aniulize maana yake. Na akishauliza, ameshaisoma."

Wallahi, msomaji wangu, vitabu vya balagha vimejaza kurasa nyingi kuieleza faida ya fumbo, nami sijapata kuisikia imeelezwa kwa ufupi kama huo.

Nikamwambia jinsi nilivyolifahamu: kwamba utumishi umefutika na sasa watu wanaomba utu tu. Akatikisa kichwa. Alisema hiyo ni nusu. Rafiki yake mmoja aliyekwenda mjini ile Juni alirudi na jeraha la risasi mguuni, na aliyemfunga jeraha kwanza, kwa shati lake, alikuwa askari kijana aliyeishi mtaa ule ule. "Huyo siku hiyo aliwacha kazi kidogo," akasema, "akabaki na utu." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza.

Hapo nikakumbuka chuoni. Tulioandika juu ya ubao kwa wino wa masizi twajua kwamba nukta moja chini ya herufi huifanya ba, na juu yake huifanya nun. Ukisahau nukta umebadili maana, na bakora ya maalimu haikungoja maelezo. Tulifundishwa kuogopa kukosa herufi. Kijana huyu amejifundisha mwenyewe kwamba yaweza kuwa elimu kujua ni herufi zipi za kuondoa.

FUMBO NA TUSI

Lakini sitaki nionekane nasifu kila kilichoandikwa ukutani. Sisi ni Waislamu, nasi tuna mizani yetu. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Na suala la kuchora viumbe wenye roho lina maneno mengi baina ya wanavyuoni, ambalo sina daraja ya kulikata. Basi je, haya ya Zakayo na Kasongo, na lile la nguruwe, yanafaa?

Nimelifikiri jambo hili, na naona tutofautishe fumbo na tusi. Fumbo humnyooshea mtu kidole juu ya tendo lake; tusi humpiga juu ya umbo lake au uzawa wake. Fumbo laacha mlango: aliyeitwa mtoza ushuru aweza kupunguza ushuru, na jina likaanguka lenyewe. Hata katika Injili yao Zakayo alishuka, akatubu, akarudisha mali za watu. Rais mwenyewe amelitaja jina hilo hadharani kwa mzaha. Lakini aliyeitwa nguruwe afanye nini? Ageuke nini? Hana mlango wa kutokea, na msikilizaji naye hana la kufumbua. Kazi yake ni kucheka au kukasirika tu. Ndiyo maana nasema "MPigs", pamoja na wepesi wa kuundwa kwake, ni neno lililokwisha nguvu siku ile ile lilipozaliwa, na kwetu limeongeza najisi juu ya hasira.

Wala mtu asidhani kwamba dini yetu haijui mchezo wa maneno. Tukumbuke sura tuliyoihifadhi sote tukiwa wadogo, ya Abu Lahab. Aliitwa baba wa mwako, na sura ikamweleza kwamba ataingia moto wenye mwako, kwa neno lile lile la jina lake. Jina alilojifakharia ndilo likawa hukumu yake. Hukumu ile ni ya Mwenyezi Mungu, si ya kuigwa na bin adamu. Lakini sikio lililolelewa kwa sura hiyo halina haki ya kusema kwamba jinasi ni mchezo wa wahuni.

Na hadithi tunaijua: aonaye baya alibadilishe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza kwa moyo wake, na huko ndiko udhaifu wa imani. Mchoraji wa ukutani namwona amesimama mahali pa ajabu, kwani atumiapo mkono wake ndipo atumiapo ulimi wake.

GHARAMA YAKE

Mtu asije akafikiri kwamba ni mchezo usio na hatari. Mathare, jirani ya Eastleigh, vijana wa kituo cha haki za jamii walitoa mwaka 2017 ripoti juu ya wanaouawa bila ya kufikishwa mahakamani, wakaiita kwa Kiingereza swali: Nani Anayefuata? Soma tena jina la waraka wa Abdilatif. Miaka karibu hamsini imepita kati ya maswali hayo mawili. La kwanza lauliza nchi yaenda wapi. La pili lauliza ni mtoto wa nani.

Mwezi wa Desemba 2024, miezi mitatu baada ya kuuona ule ukuta, Gideon Kibet, kijana ajulikanaye kwa jina la Kibet Bull, alitekwa nyara. Kosa lake linalofahamika ni michoro. Yeye hakumchora Rais kwa uso. Alimchora kwa kivuli cheusi tu, sura isiyo macho wala mdomo, na watu wote wakamtambua. Hilo nalo ni fumbo la kufuta: aliondoa kila kitu akaacha umbo. Pamoja naye walitoweka vijana wengine, na mnamo tarehe 6 Januari 2025 yeye na kadhaa wao waliachiwa. Sisi wa pwani tusiulize kutoweka ni nini. Wako mama zetu Mombasa, Kwale na Lamu ambao watoto wao walichukuliwa wakitoka msikitini, na mpaka leo wanaweka sahani ya chakula.

Niliporudi Nairobi mwezi wa Februari 2025 nilimwomba shemeji tupite njia ile ile. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya, na juu yake tangazo la kampuni ya simu. Mwenye duka alituambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyemlazimisha. Baada ya habari za Desemba alikuwa hapati usingizi, na waliokuja na tangazo walimlipa. Sikumlaumu. Ana watoto, na ukuta ni wake. Yule kijana naye sikumwona. Aliniletea salamu kwamba yu salama, amepata kazi ya kuchora matatu.

Tukawa twaondoka na huzuni yetu. Mara ikapita bodaboda, imembeba mama na kapu lake, na yule mama akamgusa dereva begani akasema, "Nishushe hapo kwa Utu."

Nikamtazama shemeji. Akasema, "Siku hizi hapa paitwa hivyo. Kwa Utu. Hata wasiojua habari za ukuta wasema hivyo."

Basi nikaelewa yale niliyoyatafuta tangu Septemba. Rangi hufutwa, mabati hung'olewa, ruhusa huisha. Kijiji cha Pangani cha Nairobi kilivunjwa, lakini jina la Shauri Moyo halikuvunjika. Fumbo jema lina bahati ya kutelemka kutoka ukutani likaingia mdomoni, na likisha kuingia mdomoni hakuna ndoo ya chokaa itakayolifikia.

Kwetu Mombasa, mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majumba ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Yamependeza, sikatai. Lakini ninapopita Mji wa Kale najiuliza: sisi tuliowafundisha watu mafumbo, kuta zetu zanyamaza kwa utulivu, au kwa kusahau? Vijana wetu wenye vipawa wamwachie nani kazi ya Muyaka, maharusini tu na pindoni mwa kanga?

Nawaachia ubeti huu mmoja, na atakaye kuujibu gazeti liko wazi:

Ukuta hauna mato, lakini watutazama,
Wala hauli kipato, bure kweli huisema,
Ukipakwa rangi nzito, neno ndani husimama,
Fumbo ni moshi wa moto, mwenye pua huupima.